Kurasa za Jikoni

Kila alasiri, akishavua sare za shule na kuosha vyombo, Cherehani aliketi kwenye kigoda kando ya kitanda cha bibi yake na kufungua riwaya. Jina hilo alipewa nyumbani kwa sababu alisema mbiombio bila kuvuta pumzi. Bibi alikuwa amefanyiwa upasuaji, na macho yake yote mawili yangekaa na bandeji siku kumi. Riwaya hiyo Bibi aliiazima maktabani kabla ya upasuaji, ili mjukuu wake amsomee.

Siku mbili za kwanza mambo yalikwenda vizuri. Siku ya tatu wenzake walikuwa wakiruka kamba uani, na riwaya nayo ikaingia jikoni: kurasa nne nzima za vitunguu, moshi na masufuria. Hakuna aliyegombana, hakuna aliyetoroka. Cherehani akazifunua zote kwa mpigo, akaendelea pale wageni wanaponawa mikono. Tangu hapo, kila palipotajwa mwiko au beseni la kufulia, yeye aliruka tu.

Siku ya sita Bibi aliinua mkono. "Hebu ngoja, mjukuu wangu. Mama huyu wa kitabuni ameamka sasa hivi, mara watu wanakula. Moto kauwasha nani?"

"Sijui, Bibi."

"Na jana walivaa mashati safi, hakuna aliyefua. Mimi nimepika jikoni mwa shule miaka thelathini, sijaona chakula kinachojipika." Bibi alicheka kidogo, kisha akahema. "Mwandishi huyu hajui nyumba. Mama yako akirudishe tu kitabu chake. Heri nilale."

Cherehani alifurahi. Alipofika mlangoni akageuka, akamwona Bibi ameelekea ukutani, vidole vikipapasa shuka bila kazi yoyote. Aibu ikamshika. Akarudi kigodani.

"Bibi, mwandishi hana kosa. Ni mimi niliyeruka."

"Uliruka nini?"

"Mapishi. Na kufua. Nilitaka kwenda kucheza."

Bibi aligeuka kutoka ukutani. "Rudi ulikoruka," alisema. "Na usikimbie, hatufukuzwi."

Cherehani akasoma polepole. Kuni mbichi zikatoa povu, kifuniko kikagongagonga juu ya maharage, vitunguu vikaanza kugeuka rangi na harufu ikafika barazani.

"Hapo apunguze moto," Bibi alinong'ona.

Ukurasa uliofuata, mama wa riwayani akavuta kuni moja nje. Bibi akacheka kwa sauti, mara ya kwanza tangu afungwe bandeji. Cherehani naye alikuwa akimeza mate. Wenzake walipomwita, aliwajibu waendelee tu.

Siku ya kumi daktari alifungua bandeji. Bibi aliona mikono yake, akaona dirisha, akalia kwa furaha. Nyumbani Cherehani alimpa riwaya, zimebaki kurasa tatu.

Bibi akamrudishia. "Malizia wewe. Kufanya kazi vizuri ukitazamwa, hata mvivu anaweza. Siku ile sikuona kitu, mjukuu wangu, ila nilisikia miguu yako ikifika mlangoni, kisha ikarudi. Mtu wa namna hiyo nitamwamini hata nikifumba macho."

Akaegemea mto, akafumba macho, akangoja.