Daftari la Kisima

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, msichana waliyemwita Kalamu alikuwa na kazi tatu: kufagia ua, kubandika chai, na kumpelekea Bibi kikombe cha kwanza kitandani. Kazi ya tatu ndiyo aliyoipenda zaidi, maana Bibi hakuwahi kunywa chai kimyakimya. Alikuwa na la kusema juu ya kila kitu, kuanzia mawingu hadi majirani.

Jumatatu hiyo Bibi alipiga funda moja, akakunja uso, akakiweka kikombe chini.

"Chai hii umeikoroga na sarafu?"

"Bibi jamani! Sarafu tena?"

"Ina ladha ya chuma. Ina chumvichumvi. Wiki ya tatu sasa nasema, na humu ndani hakuna anayenisikia."

Baba alikuwa mlangoni akifunga kamba za buti zake za kazi. Alicheka. "Mama, ulimi nao huzeeka. Mwishowe hata asali utasema ina chumvi."

"Nyamaza wewe. Ulimi huu ndio uliokuonjea uji ulipokuwa huna hata jino moja."

Wote watatu wakaangua kicheko. Kisha Bibi akamgeukia mjukuu wake. "Haya, mpima maji, niambie wewe. Kisima kina nini?"

"Hakina kitu, Bibi. Nilikipima mwenyewe Alhamisi. Mia tatu na kumi na mbili. Maji ni mazuri."

Bibi alimtazama kidogo, akatikisa kichwa, akakichukua kikombe tena. "Kama mwenye daftari amesema, basi ni mimi niliyezeeka." Akanywa hadi tone la mwisho.

Kalamu alitoka nje haraka, uso ukimwaka. Hakupima chochote Alhamisi. Hakuwa amekanyaga kisimani kwa wiki sita.

Kisima chenyewe, chenye pampu ya mkono, kilikuwa bondeni, chini kidogo ya barabara ya vumbi. Upande wa juu wa barabara hiyo kampuni moja ilikuwa inachimba gesi. Mwalimu wa sayansi aliwahi kuwachorea ubaoni jinsi kazi hiyo inavyofanyika. Bomba hushushwa ardhini mbali sana, kisha maji yaliyochanganywa na mchanga na dawa husukumwa kwa nguvu hadi mwamba unapasuka na gesi inapata pa kutokea.

"Lakini maji hayo hayabaki yote huko chini," mwalimu alisema. "Mengine hurudi juu yakiwa yamebeba chumvi na uchafu wa kilindini. Hayo ni maji taka. Lazima yatiwe kwenye bwawa lililotandikwa turubai nene. Yakimwagika, yanatafuta mteremko. Na mteremko wetu unaishia wapi?"

"Kisimani!" darasa zima likajibu.

Ndiyo maana bwana afya aliiachia shule kipima chumvi, kifaa chembamba cha kushika mkononi. Unakichovya kwenye kikombe cha maji, namba inatokea. Namba ikipanda, chumvi imezidi. "Ikipita elfu moja, msiyanywe, na mniite siku hiyohiyo," alisisitiza. Mwalimu alimchagua msichana mwenye mwandiko mzuri kuliko wote awe anapima kila Jumatatu na Alhamisi saa tisa, na kuandika kwenye daftari. Jina la Kalamu alilipata siku hiyo.

Wiki nne za mwanzo alikwenda bila kukosa. Kisha mazoezi ya mpira wa pete yakahamishiwa saa ileile ya kupima. Siku ya kwanza aliyochelewa, nafasi yake ya ufungaji ilipewa msichana mwingine, naye akasimama pembeni akiwashikia wenzake masweta.

"Kwani maji ya kisimani ni mtoto, kwamba kila wiki yamekua?" Twiga, nahodha wao mrefu, alimwambia. "Juzi mia tatu na kumi, jana mia tatu na kumi. Leo yatakuwa ngapi? Andika, dada, uje ucheze!"

Wasichana wakacheka. Kalamu akacheka pia, akaketi chini ya nguzo ya goli, akaandika mia tatu na tisa. Alhamisi iliyofuata akaandika mia tatu na kumi na nne. Alikuwa mwangalifu: hakurudia namba moja mara mbili mfululizo, na alibadilisha kalamu, leo wino wa buluu, kesho mweusi, ili ionekane kila namba ina siku yake. Kilichomuuma baadaye, kupita hata uongo wenyewe, ni kwamba wakati ule alijiona hodari.

Jumatano Bibi alianguka kwenye kizingiti cha mlango, akiwa na beseni mkononi. Walimpeleka zahanati. Muuguzi alimfunga kitambaa cha kupimia mkononi, akatazama, akapima tena.

"Shinikizo la damu limepanda sana. Bibi, chumvi unatumia kwa wingi?"

"Chumvi? Nimeiacha miaka miwili, mwanangu. Chakula changu hata paka anakikimbia."

"Maji mnayokunywa je?"

"Maji hayana tatizo," Bibi alijibu, akamwonyesha Kalamu kwa kidole kwa fahari. "Huyu hapa ndiye anayeyapima."

Kalamu aliinamisha kichwa, akahesabu vigae vya sakafu.

Alhamisi hakwenda mazoezini. Alikimbia bondeni akiwa na kipima chumvi mfukoni, akapiga pampu, akakinga maji kikombeni, akachovya. Namba zikapanda, zikapanda, zikasimama: elfu mbili mia tatu na arobaini. Alimwaga maji, akapiga pampu upya, akachovya tena. Ileile. Akaonja kwa ncha ya ulimi. Sarafu. Bibi hakukosea hata kidogo.

Alifungua daftari juu ya ukuta wa kisima. Namba ya mwisho ilikuwa mia tatu na kumi. Akiandika elfu mbili na zaidi chini yake, hata mtoto wa darasa la kwanza atauliza imekuwaje. Mwishowe aliandika mia nne na themanini. Jumatatu angeandika mia saba, Alhamisi mia tisa, na wiki ya pili yake namba ingevuka elfu, bwana afya angeitwa, na hakuna ambaye angejua. Alifunga daftari, akashika njia ya nyumbani.

Jioni hiyo alisema kisima kinanuka kutu, akachota maji ya Bibi kwenye tangi la mvua la shule. Majirani wote waliendelea kuchota kisimani, nao aliwapita njiani na ndoo zao bila kufungua mdomo.

Lakini majirani walikuwa wameshachoka. Mbuzi waliyakataa maji ya kisima, na masufuria yalibaki na ukoko mweupe. Jumamosi bwana afya aliitisha mkutano katika darasa la saba. Watu wazima walijibana kwenye madawati ya watoto, magoti yakigusa videvu. Bibi alikaa mbele akiwa na fimbo yake. Baba alisimama nyuma na madereva wenzake wa maboza, magari ya tangi yanayobeba maji ya kampuni. Mgeni kutoka kampuni alikuwa na kofia ya plastiki nyeupe, nayo aliiweka mezani kama sahani.

"Ndugu zangu," mgeni alisema, "nusu ya nyumba za hapa zina mtu anayefanya kazi kwetu. Mkisema kisima kimeharibika, uchimbaji utasimama, na kazi zitasimama. Mimi sibishani na mbuzi. Nasoma daftari lenu wenyewe." Akalifungua. "Mia tatu na tisa. Mia tatu na kumi na nne. Alhamisi hii, mia nne na themanini. Elfu moja iko mbali! Na mwandiko huu, tazameni, safi kabisa. Mtoto wenu ameandika. Mnataka niamini nini, daftari au ukoko wa sufuria?"

Bwana afya alikuna kidevu. "Daftari linasema hivyo kweli," alikiri. "Bila namba siwezi kufunga kisima. Na nikipima mara moja leo, kampuni itasema kifaa kina kasoro."

Ndipo Bibi akajiinua kwa fimbo, polepole. "Mimi nilisema maji yana chumvi," alisema. "Nayafuta maneno yangu hapa mbele yenu. Ulimi wangu umezeeka. Mjukuu wangu nimemlea mwenyewe, na kitu kimoja nakijua: hawezi kuandika uongo."

Kalamu alikuwa amekaa dirishani na wanafunzi wenzake. Alitamani sakafu ifunguke imfunike. Bibi yake, aliyesema kweli peke yake wiki zote hizo, amesimama mbele ya watu akijiita mwongo kwa ajili yake.

"Bibi, kaa," alisema. Sauti ilitoka ndogo, kwa hiyo akarudia kwa nguvu, "Bibi, kaa chini! Nimeandika uongo."

Vichwa vyote viligeuka.

"Wiki sita sikwenda kisimani. Nilikuwa nacheza. Namba zote hizo nimezitunga, hata wino nilikuwa nabadilisha. Alhamisi nilikwenda kweli, nikakuta elfu mbili mia tatu na arobaini, nikaogopa, nikaandika mia nne na themanini."

"Elfu mbili!" mama mmoja alipiga kelele. "Na wanangu wanakunywa!"

"Mtoto gani huyu!" mwingine akadakia.

Twiga, aliyekuwa kando yake, alisimama. "Mimi ndiye niliyemwambia aandike tu," alisema, akaketi haraka kama aliyechomwa.

Mgeni alichukua kofia yake. "Basi mmesikia. Daftari ni la uongo, hakuna ushahidi wowote. Hata hiyo elfu mbili, nani aiamini?"

"Mimi naiamini," sauti ikasema nyuma. Ilikuwa ya Baba.

Alikuja mbele akipapasa funguo za boza mkononi. Kalamu hakuwahi kumwona baba yake akikosa pa kuweka macho.

"Mnakumbuka tulivyoanza kumwagia barabara maji ili kuzima vumbi? Mlitushukuru. Watoto walikuwa wanakimbia nyuma ya boza wakishangilia, na binti yangu akiwamo. Yale hayakuwa maji safi. Foleni ya bwawani ilikuwa ndefu, msimamizi wetu akatuambia tuyamwage barabarani tuwahi safari nyingine. Miezi miwili nimemwaga maji taka juu ya kisima cha mama yangu mzazi, kisha nikamcheka kwa chai yake." "Mtoto ameweza kusema. Mimi ni nani nisiseme?"

Dereva mwingine akaitikia, "Ni kweli." Kisha wa tatu. Mgeni akavaa kofia yake.

Bwana afya hakusubiri. Aliwaongoza wote hadi bondeni, na mbele ya macho yao akachovya kipima chumvi. Kila mmoja alipita akaisoma namba mwenyewe. Siku hiyohiyo pampu ilifungwa kwa mnyororo na kufuli. Uchimbaji ulisimamishwa wiki mbili, na kampuni ikatia saini kwamba kila boza litaandikishwa linapotoka na linapoingia bwawani, na kwamba italeta maji safi kila siku, kuanzia kesho yake, mpaka kisima kipone. Bwana afya hakuwadanganya: kupona kwenyewe kungechukua miaka. Msimamizi aliondolewa. Baba alikaa nyumbani hizo wiki mbili, kisha akapewa boza jingine lililooshwa, la maji ya kunywa. Alipita barabara ileile, lakini hakuna aliyemshangilia, naye hakutegemea.

Jumatatu baada ya mkutano, Kalamu alimpelekea mwalimu daftari. "Naomba niuchane huu ukurasa, Mwalimu. Nitaanza upya."

"Hauchanwi," mwalimu alijibu. Alimpa kalamu nyekundu. "Piga mstari kila namba uliyoitunga, uandike pembeni: sikwenda. Mara kumi na mbili. Ya Alhamisi, andika uliyoiona."

Kalamu aliandika, machozi yakidondokea ukurasa. Mwandiko wake ulikuwa mbaya siku hiyo.

Nyumbani, jioni, alibandika chai kwa maji ya boza. Alimpelekea Bibi kikombe, akapiga magoti bila kumtazama. "Bibi, nisamehe. Ulisimama kwa ajili yangu."

Bibi alipiga funda, akaliweka mdomoni kwa muda mrefu kuliko kawaida, akameza. "Hii sasa ni chai," alisema. Kisha akauinua uso wa mjukuu wake kwa kidole. "Sikia, mama. Kilichonidhuru si chumvi peke yake. Uliniambia umepima, nami nikaacha kuuamini ulimi wangu mwenyewe. Kila unachoandika kuna mtu atakinywa. Siku nyingine nikilalamika, usinijibu kwa daftari. Chukua kikombe, uende kisimani."

"Nitakwenda, Bibi."

"Leo ni siku gani?"

Kalamu alishtuka, akatazama jua. Ilikuwa Jumatatu, na kwa machozi yote yale ya mstari mwekundu, hakuwa amepima. Alinyakua kipima chumvi na funguo za mnyororo ambazo bwana afya alimwachia mwalimu, na mwalimu akamwachia yeye, akaondoka mbio kuelekea bondeni.