Mwambie Sipo

Kitu cha kwanza kisichokuwa cha kawaida kilikuwa joto. Laptopu ile ilikuwa imelala kwenye droo miaka sita, chini ya mashuka, betri haina, waya wake umeviringishwa pembeni. Metroni alipoitoa asubuhi ile ya Jumamosi, ilikuwa na joto la kitu kilichotoka kutumika sasa hivi. Akaiweka mezani, akajifuta mikono kwenye gauni, akajiambia ni jua. Jua ndani ya droo! Lakini mtu akitaka kujidanganya hakosi sababu.

Metroni ndilo jina alilostaafu nalo. Miaka thelathini alilala na funguo za bweni la wasichana chini ya mto, na kiboko hakuwahi kukishika, kwa sababu alikuwa na mdomo. Wasichana waliokwisha kuwa wanawake wazima, wana watoto wao, walikuwa bado wakimwona sokoni wanapinda kona. Na neno likishamtoka lilikuwa halirudi, hata yeye mwenyewe akilitaka.

Ndilo lililompata mwanawe wa pekee. Alikwenda kutafuta maisha nchi za watu, baba yake akaugua huku nyuma, akafa, akazikwa, na yeye hakuja. Alisema amenyimwa ruhusa kazini. Metroni akamjibu kwa simu, mbele ya waombolezaji: "Kwangu wewe ni maiti. Leo nimezika wawili." Akabadilisha namba.

Mtoto wa watu hakukata tamaa. Akawa anapiga kwenye laptopu ya marehemu, iliyokuwa bado imewashwa sebuleni, kila Jumamosi saa kumi jioni. Jumamosi ya kwanza Metroni alikuwa jikoni anaosha vyombo, mikono imejaa sabuni, akausikia mlio. Nyumba nzima hakuna mtu mwingine, lakini alipaza sauti vilevile kama alivyozoea bwenini alipotafutwa na wazazi wasumbufu: "Aliyemo humo ndani amwambie sipo!"

Mlio ukakatika. Jumamosi ya pili hivyohivyo, ya tatu hivyohivyo. Hakujiuliza nani aliukata. Akaitia laptopu kwenye droo na kuisahau, au tuseme alijitahidi kuisahau.

Sasa wiki hiyo mdogo wake alikuwa amekuja na habari, hata viatu hajavua.

"Dada, una mjukuu. Wa kiume."

Metroni alikaa kitako.

"Mwanao amesema Jumamosi atakuulizia kwa mara ya mwisho, palepale anapopiga siku zote. Akiambiwa tena hupo, basi, hatauliza maisha yake yote."

"Nani kamwambia sipo? Mbona asikupe namba nimpigie mimi?"

"Nimemwomba mpaka nimechoka. Anasema anayemtaka anajua pa kumpata. Hasira hizo kazitoa wapi, dada, sisemi."

 Mdogo wake alipoondoka, Metroni alilia mpaka akapata kwikwi. Alikuwa amemkumbuka mwanawe kila siku ya miaka ile sita, na kila siku alikuwa amengoja yeye aanze. Kesho yake akaagiza waifai ya nyumbani.

Fundi wa mtandao alifika Jumamosi saa tano, na ngazi begani na maneno mengi. Alifunga kisanduku ukutani, taa zikawaka kijani, akajisifu. Kisha akaichomeka laptopu kwenye umeme. Ikaamka polepole, inaguna, lakini mtandao haikuuona hata mmoja. Akaigeuza, akafungua skrubu za chini, akaangaza tochi.

"Mama, hapa ndipo inapokaa kadi ya kushikia waifai. Unaona? Patupu. Mtu aliing'oa zamani. Na kamera yake nayo imekufa. Hii hata uiombee dua haiwezi kuunganika. Jumatatu nakuletea kidude cha kuchomeka pembeni."

"Jumatatu ya nini? Mimi shida yangu leo saa kumi!"

"Sasa mama, nifanyeje, niiwekee roho?"

Alicheka peke yake, akatoa simu yake kuangalia vifaa vilivyounganika na kile kisanduku. Kicheko kikamwishia mdomoni. Palikuwa na viwili. Simu yake, na laptopu.

"Neno la siri hata sijaliingiza," alisema, taratibu.

Akaigeuza tena ile laptopu, na kioo kilikuwa kimejifungua chenyewe kwenye ukurasa wa simu zilizopigwa. Orodha ilikuwa ndefu. Jumamosi saa kumi, Jumamosi saa kumi, Jumamosi saa kumi, miaka sita bila kuruka hata wiki moja, na kila moja imepokelewa. Dakika arobaini. Dakika hamsini. Saa nzima.

"Mama," fundi alinong'ona, "nani alikuwa anaipokea?"

 Fundi alikusanya bisibisi zake bila kuzihesabu, akatoka kinyumenyume. Ngazi yake aliiacha, na mpaka leo hajaifuata.

Ndipo ikaja harufu, ya nguo iliyosahauliwa chini ya pasi. Na ndani ya spika za ile laptopu, mchana kweupe, huku nje jirani anakung'uta mazulia, mtu alikohoa kidogo kama anayesafisha koo kabla ya kuhudumia mgeni, kisha akasema kwa sauti ambayo Metroni aliijua kuliko zote duniani kwa sababu ilikuwa yake mwenyewe, ila imelainishwa, imetiwa adabu ambayo yeye hajawahi kuwa nayo:

"Bado mapema, mwenye nyumba. Yeye hupiga saa kumi."

Alikimbia. Mwanamke wa miaka sitini na tano, magoti mabovu, alikimbia peku mpaka nyumba ya tatu kwa Mama Mayai.

Mama Mayai aliuza trei za mayai kwa jumla, na pembeni alitoa majini. Kazi hiyo ya pili aliifanya kwa kulazimishwa na majini yenyewe, alisema, maana mayai hayamtishi mtu. Alisikiliza yote huku anafunga trei kwa kamba, kisha akafunga duka.

"Sikiliza, Metroni. Mdomo wako nitautia komeo. Hawa wanashika neno kama lilivyo. Hawajui hasira, hawajui utani. Nikikuashiria utasema 'nimekuachisha kazi', basi. Zaidi ya hapo hata ukiumwa na siafu usifungue mdomo. Umenielewa?"

"Nimekuelewa."

"Wewe? Haya, tutaona."

Waliingia sebuleni saa tisa na nusu. Mama Mayai akavuta kiti, akaketi mbele ya laptopu kama anadai mteja.

"Nani amekuleta humu?"

"Sikuletwa," ile sauti ikajibu kwa upole. "Niliajiriwa. Aliita aliyemo humo ndani amwambie mtoto sipo. Humo ndani nilikuwemo mimi."

Metroni aliziba mdomo kwa mikono yote miwili.

"Na ujira wako?"

"Kusikiliza. Namwambia hayupo, naye haondoki. Kwanza alikuwa analia. Anasema sauti ni ya mama yake, anajua ni mama yake anamtania, lakini heri atukanwe kuliko anyamaziwe. Kisha akaanza kunisimulia. Arusi yake nilikuwepo. Siku mkewe alipojifungua aliniambia mimi kwanza. Mtoto ana meno mawili, ya chini. Anaogopa kuku. Unajua anaitwa nani, mwenye nyumba?"

Metroni alitikisa kichwa, machozi yakimtiririka kati ya vidole. Hakujua.

"Ameitwa jina la babu yake. Wewe ulimsikiliza mwanao lini?"

Mama Mayai akaashiria. Metroni akashusha mikono na kusema, kwa sauti iliyokatikakatika, "Nimekuachisha kazi."

Harufu ikazidi. Kioo kikatetema.

"Nimesikia," ile sauti ikasema. "Nikitoka humu, nikae wapi?"

Hapo ndipo biashara yenyewe ilipo, na Mama Mayai aliijua. Alimtajia gofu la kiwanda kilichofungwa, akakataa, kuna popo. Alimtajia mto, akakataa. Alimtajia machimbo ya mawe, mti uliopigwa na radi, kisima kilichokauka, na kila mahali yule kiumbe aliuliza kwa adabu zake, kuna mtu wa kumsikiliza huko, akiambiwa hakuna, anashukuru na kukataa, na saa ya ukutani inakwenda, saa kumi kasoro kumi, kasoro sita, kasoro tatu, na Metroni anaitazama saa, anaitazama laptopu, anaona mwanawe anakaa mahali huko mbali na mtoto magotini, anajitayarisha kuuliza kwa mara ya mwisho, na hili lidudu linachagua nyumba kama bibi harusi, mpaka kifua kikamjaa na ule mdomo wa bwenini ukafunguka wenyewe:

"Kaa popote unapotaka, ilimradi utoke humo!"

Harufu ikakatika ghafla.

Mama Mayai aligeuka polepole. "Ah, Metroni. Ah, mama." Akaokota khanga yake. "Labda limekwenda. Likitoka kwenye nyumba hupita getini, nitaliona. Nakwenda kulisindikiza. Wewe usisogee hapo."

Akatoka mbio. Metroni akabaki peke yake. Koo lilikuwa linamkereketa, akahisi ladha ya kitambaa kilichoungua, akadhani ni mabaki ya ile harufu.

Saa kumi kamili laptopu ikalia.

Alibonyeza kitufe cha kupokea, na mwanawe akatokea kwenye kioo. Amenenepa. Ana mvi mbili tatu, jamani, mvi! Magotini ana mtoto mchangamfu, anatafuna kijiko, na paji la uso ni la marehemu mtupu. Metroni alisahau majini, alisahau miaka sita. Moyo wake wote ulimpanda mdomoni.

"Mimi huku sioni kitu, kama kawaida," mwanawe alisema. Alikuwa amejikaza uso. "Sitasema mengi leo. Nauliza mara moja tu. Mama yupo?"

Metroni akavuta pumzi, akafungua mdomo kusema, nipo mwanangu, nipo, nisamehe.

"Hayupo," mdomo ukasema. Kwa upole, kwa adabu.

Alijipiga kofi la mdomo. Akajaribu tena, akasukuma neno kwa nguvu zake zote mpaka mishipa ya shingo ikamsimama, nipo, nipo, baba, niko hapa.

"Hayupo."

Mwanawe aliinamisha kichwa. Mtoto aliacha kijiko, akakodolea kioo macho.

"Haya," alisema. "Mwambie sikuwa na kinyongo. Mwambie hili ndilo jibu nililokuwa nalingoja nione kama litabadilika." Akanyoosha mkono, akakata.

Metroni aliparamia ile laptopu, akaikumbatia, akabonyeza kila kitufe. Haikuwa na joto tena. Ilikuwa baridi kama sahani, na kwenye kona ya kioo ilikuwa imeandikwa kwamba hakuna mtandao wowote uliopatikana.

Nje, nyayo zilikuja mbio kutoka getini. Mama Mayai alisimama nje ya mlango uliorudishiwa, anahema, anaogopa kuusukuma.

"Metroni! Halikupita! Nimesimama pale muda wote, hakuna kilichopita! Metroni, upo?"

Ndani mtu alikohoa kidogo, akisafisha koo.

"Hayupo," akajibu.