Kitambaa Juu ya Kompyuta ya Tulinagwe

Kila alasiri, mjukuu wangu Tulinagwe hunisaidia kugeuza kakao katika masanduku ya kuvundikia, kisha hunawa mikono na kuketi mbele ya kompyuta ya mezani aliyopewa na mjomba wake. Wiki ile alikuwa akitengeneza filamu ya michoro ya meli iking'oa nanga Itungi, bandari ya hapa kwetu Kyela, kwa ajili ya maonyesho ya sayansi shuleni. Alipaswa kuikabidhi Ijumaa, lakini kompyuta ilichora polepole mno.

Mwalimu Gelasius alikuwa amemweleza kwamba kadi ya picha, yaani kifaa cha ndani kinachochora, huweza kuongezewa kasi kidogo kupita ile ya kiwandani. Alimpa programu ya kufanyia kazi hiyo, yenye kuonyesha joto la kadi na mwendo wa feni. Hata hivyo, Jumatano alikuja Angetile, mwanafunzi mwenzake, na flashi mfukoni.

"Hiyo ya mwalimu ni ya wazee," alisema kwa kejeli. "Yangu ina kitufe kimoja tu. Bonyeza, kasi yote inapanda."

"Imetoka wapi?"

"Unataka kasi au unataka historia?"

Tulinagwe akabonyeza. Filamu ilikimbia kwa dakika chache, kisha kioo kikajaa mistari ya kijani na kompyuta ikazimika. Ghafla Angetile alikumbuka kwamba nyumbani walikuwa wamemtuma chumvi.

"Babu, umeme umekatika," Tulinagwe aliniambia nilipoingia.

"Umekatika? Na redio yangu iliyochomekwa ukutani inasoma habari kwa kutumia nini, maji?"

Aliinamisha kichwa. Kisha akaeleza yote.

"Kesho umweleze mwalimu hivyo hivyo," nilimwamuru, "bila kupunguza neno."

Alimweleza. Alhamisi jioni Mwalimu Gelasius alifika nyumbani, akaanza kwa kukitazama kitambaa cha kufuma kilichokuwa juu ya kompyuta, kama vile mke wangu afunikavyo kila chombo cha umeme. Kilikuwa kimeziba matundu ya hewa.

"Joto lote hili la Kyela, nanyi mmeivisha sweta!" alicheka.

"Mwalimu, vumbi nalo?" mke wangu alijitetea.

"Mama, tutalipangusa. Lakini mashine ikikosa pumzi, itaungua."

Kitambaa kikaondolewa. Programu ya Angetile ikafutwa, mashine ikakaguliwa virusi, na kadi ikarudishwa katika kasi yake ya awali. Ndipo wakafungua ile yenye kipimajoto.

"Panda hatua moja," mwalimu alielekeza. "Ipe kazi dakika kumi, ukitazama joto. Likipita nyuzi themanini, shuka."

Katika hatua ya nne picha ilianza kutetemeka. Kabla hajaambiwa, Tulinagwe alirudi hatua ya tatu.

"Hapa panatosha," alisema, nami nikaona fahari.

Ijumaa aliikabidhi filamu, meli ikiteleza bila kukwama. Jioni, tukigeuza kakao, nilimwambia, "Hapa huwa tunatia mkono kupima joto kila tunapogeuza. Usikabidhi kazi yako kwa chombo kinachokuficha joto lake. Nami pia, ukinificha yaliyotokea, siwezi kukusaidia."

"Ndaga, Babu," alijibu, yaani ahsante, akautia mkono wake katikati ya kakao ya sanduku lililofuata. "Joto limefika. Tugeuze."