Miguu ya Baba Hyeonju

Kiti kilikuwa na joto.

Malsun aliondoa kiganja, akakirudisha taratibu, kama mtu anayepima homa ya mtoto. Ndio kwanza alikuwa anaingia kutoka sokoni, mwavuli ukichuruzika mlangoni, na nyumba ilikuwa tupu. Jua lenyewe halikuwapo. Mvua za Julai zilikuwa zimeufunika mji wa Daegu kwa siku ya tano. Joto lile lilikuwa la mtu aliyeinuka sasa hivi.

Mumewe, Gapsik, aliporudi kutoka kwa kinyozi, alimkuta bado amesimama roshani.

"Baba Hyeonju, umepanda baiskeli yangu?"

"Mimi? Nimeendesha basi miaka thelathini na moja, halafu leo nikakanyage baiskeli isiyokwenda popote?"

Akacheka peke yake.

Daktari wa mifupa ndiye aliyeanzisha habari ya baiskeli. Magoti ya Malsun yangepasuliwa vuli, lakini kwanza apunguze mwili na aimarishe mapaja, na baiskeli ya mazoezi ndiyo isiyoumiza goti. Binti yao Hyeonju, aliyekuwa Seoul, akamtumia picha za baiskeli tatu za bei nafuu. Ya kwanza ilikuwa ya kukunja. Malsun alipoijaribu dukani ilitikisika hadi akashika ukuta. Ya pili ilikuwa imara, ila iliunguruma, na jirani wa chini alikuwa mtu wa kupanda kuja kugomba hata kijiko kikianguka. Ya tatu ilikuwa ya mtumba, ya mtu wa mtaa wa pili: gurudumu zito, kimya kabisa, kiti kipana, na bei yake chini ya zote.

"Rahisi ghali," Gapsik aliguna. "Muulize kwa nini anaiuza."

Muuzaji, binti wa miaka ishirini na ushei, alikuwa ameshaitoa nje, imesimama mvuani.

"Ilikuwa ya mama," alisema.

"Na mama hajambo?"

"Mama anatembea vizuri sana." Akatazama pembeni. "Baba ndiye..." Hakumalizia. Alipokea pesa bila kuzihesabu, akaingia ndani karibu mbio.

Siku ya pili baada ya lile joto, Malsun alikuta kiti kimepandishwa. Alikuwa amekifunga tundu la nne. Sasa pini ilikuwa kwenye la saba. Gapsik alikuwa mfupi kuliko yeye. Alikishusha. Kesho yake kilikuwa kwenye la tisa, juu kabisa, mahali ambapo mguu wa mtu hauwezi kufikia pedali, na roshani nzima ilinuka chuma kibichi na nywele zisizooshwa.

"Unanifanyia mchezo," alimwambia mumewe.

"Wewe ndiye unayenifanyia mchezo. Unaamka ukinitazama kama mwizi."

Lakini magoti yalipona. Siku ya sita Malsun alishuka ghorofa zote nne bila kushika ukuta, akasimama chini uani akicheka kama msichana. Juma hilohilo Gapsik alikaa kitako kwenye ngazi ya pili, akihema, akasema ni umri. Alibandika plasta za dawa kwenye mapaja. Malsun alipomfulia suruali aliona amezipunguza kiuno kwa pini, na usiku alipomshika muundi wa mguu, vidole vyake vilikutana.

Ndipo alipoyakumbuka maneno ya yule binti aliyemuuzia baiskeli.

Siku iliyofuata mchana aliaga kwamba anakwenda sokoni, akafungua mlango, akaufunga akiwa ndani, akavua viatu akajibanza jikoni. Gapsik alikuwa amelala chumbani. Mvua ilikuwa ikipiga vioo. Kwa muda mrefu hapakuwa na kitu, kisha ile harufu ikaja kwanza, ikapita mbele ya uso wake kama mtu anayepita ukumbini, na alipochungulia roshani aliziona pedali zikizunguka polepole, bila mtu, bila sauti, kiti kikibonyea na kuinuka, kikibonyea na kuinuka, na alipogeuza macho kuelekea chumbani, mlango ukiwa wazi, aliona shuka la mumewe likipanda na kushuka kwa mwendo uleule, mguu wa kulia, wa kushoto, wa kulia, naye Gapsik akigugumia usingizini kama anayepandishwa mlima na mtu asiyemhurumia. Na wakati huohuo, Malsun mwenyewe akiwa amesimama pale bila viatu, magoti yake yalijaa joto tamu.

Alifungua mlango tena, taratibu. Akaenda sokoni kweli.

Hakusema. Kila siku alijiambia kesho.

Gapsik alipoanguka bafuni, akabaki sakafuni akisema, "Mama Hyeonju, miguu hainisikii," ndipo Malsun alipopiga simu kwa Bibi Bongnye, mganga wa nyuma ya soko.

Bibi huyo mnene alifika na fungu la matawi ya mpichi, chumvi na pilipili ya unga. Akaiambaa baiskeli bila kuigusa, Gapsik akitazama kutoka kitandani kupitia mlango uliokuwa wazi.

"Chuma cha nyumba ya watu, kimeingizwa siku mbaya. Kina jini." Alichoma pilipili kwenye kikaango. Moshi ulijaa roshani, lakini haukuwasha wala haukunuka chochote. "Mnaona? Anaula wote." Kisha akauliza kwa sauti ndogo, "Nani humu anapata nafuu?"

Malsun aliinua mkono.

"Nikimtoa, anaondoka na alichokupa."

"Mtoe, Bibi."

Bibi alimwaga chumvi, akakichapa kiti kwa matawi, akitukana matusi ambayo Malsun hakuwahi kuyasikia hata kwa wapishi wenzake enzi za kazi ya mgahawa. Gurudumu lile la kimya likaanza kunguruma, pedali zikawa hazionekani kwa kasi, vioo vikaingia ukungu toka pembe hadi pembe. Halafu, ghafla, pilipili ikawawasha wote koo na macho, wakakohoa hadi machozi. Gurudumu lilisimama. Malsun alianguka kwa magoti, maumivu yamerudi yote kwa pamoja.

Kufikia Oktoba Gapsik alikuwa akitembea. Asubuhi ya Malsun kupasuliwa magoti, wakishuka ngazi, Gapsik amemshika mkewe mkono, alisimama.

"Yule bibi alipouliza, uliinua mkono upesi. Ulijua tangu lini?"

Angeweza kudanganya.

"Siku kumi na moja kabla ya bibi kuja."

Gapsik aliuachia mkono. Alishuka peke yake hadi kwenye kona ya ngazi, kisha akapanda tena. Akageuka, akainama mbele yake, akampa mgongo.

"Panda. Teksi inasubiri."

Alimbeba ngazi zote zilizobaki. Malsun aliihisi miguu ya mumewe ikitetemeka kila hatua, na alipomwomba amshushe wapumzike, alimwinua vizuri mgongoni, akashuka hatua nyingine.