Sukari Haifichwi kwa Daktari wa Ganzi

Asubuhi Mama Pacha alipanga mkoba wa hospitali: taulo, sabuni, vidonge vya sukari vya mumewe. Mume akavitoa vidonge. Mke akavirudisha. Mume akavitoa tena.

"Wakijua nina sukari wataahirisha upasuaji," mume alisema.

"Mtu mzima hovyo!" Mama Pacha akavitia tena mkobani.

Mumewe ni fundi cherehani. Aliteleza uani, akavunjika mkono wa kulia karibu na kiganja. Mkono huo ndio unaowalisha. Leo mfupa ungeunganishwa kwa chuma.

Daktari wa ganzi, mama wa makamo, alikuja kitandani na karatasi yake.

"Fundi, hatutakulaza usingizi. Tutakuchoma sindano karibu na bega, mkono tu ufe ganzi. Una ugonjwa wowote? Presha? Sukari?"

"Mimi? Mzima kama kigongo."

Mama Pacha akadakia. "Daktari, huyu ana sukari, mwaka wa nne sasa! Dawa namkumbusha kila siku kama mtoto wa chekechea!"

"Nyamaza, mke wangu."

"Sinyamazi! Mficha maradhi, kilio humfichua."

Daktari akaweka kalamu chini. "Sikuulizi ili nikufukuze, Fundi. Ganzi ikiisha mapema, maumivu yanakushika vibaya. Kwa hiyo huwa tunaongeza dawa ya steroidi. Ganzi inakaa zaidi, pengine siku nzima. Lakini dawa hiyo hupandisha sukari. Nikijua, napunguza dozi au naiacha kabisa. Nisipojua, je?"

Fundi akanyoosha kidole cha mkono mzima apimwe.

Walimpima. Sukari haikuwa mbaya, basi wakampa dozi ndogo na kazi ikafanyika. Jioni waliruhusiwa na maagizo: mkono ukae kwenye kitambaa cha shingoni, vidonge vya maumivu vianze kabla ganzi haijaisha, sukari ipimwe mara kwa mara. Ganzi ikipita siku mbili, warudi hospitali.

Kufika nyumbani, Fundi akavua kitambaa, akaenda kuwasha pasi.

"Hauumi hata kidogo! Ninyooshe shati la mteja."

"Yarabi, nipe subira! Hauumi kwa sababu hausikii! Utaungua mpaka mfupa na hutajua. Toka hapo!"

Alitoka, akinung'unika.

Kesho yake sukari ilipanda. Mama Pacha akampigia daktari simu, wakafuata alivyosema. Siku iliyofuata ikashuka. Ganzi nayo ilikuwa imeondoka polepole, na maumivu yalikuja ya kuvumilika, kwani vidonge vilishatangulia. Fundi akajaribu vidole. Kidole gumba kikatikisika. Kisha vyote.

Mama Pacha akaketi chini, akalia.

"Unalia nini na mimi napona?"

"Nalia kwa furaha. Na hasira bado ninazo!"

Fundi akainamisha kichwa. "Kweli, ningekwenda peke yangu, nisingesema."

"Najua," mkewe akajibu, akifuta machozi. "Hilo ndilo linaloniudhi."