Ukili wa Mize

Sogeeni, mkae vizuri. Huyu ni Mize. Ana miaka mitano, na leo ana neno.

Tangu azaliwe, Mize analala na Mama. Lakini Ijumaa atahamia kitandani kwake. Kitanda kipo. Mkeka wake mpya bado kidogo tu.

Mkeka hutokana na ukili, msuko mrefu wa majani makavu ya ukindu. Mama amekwisha shona pande mbili. Umebaki ukili mmoja wa kuziunga katikati.

"Huo nitausuka mimi," anasema Mize.

"Haya, mwanangu," anasema Mama, na anampa majani.

Mize anasuka. Ulimi uko nje.

Juu, chini, vuta.
Juu, chini, vuta.

Mwanzo ukili ni mpana. Halafu unakonda. Unakonda, unakonda, mpaka umekuwa mkia wa panya.

Dada yake, Raya, anacheka. "Lete nikufumulie. Nitakusukia mimi."

Mize anauficha mgongoni. Machozi yanamlengalenga. Akisukiwa, si wake tena.

"Muache, Raya," anasema Mama. "Ana mikono yake."

Mama hamwambii Mize afanyeje. Anasogea tu karibu, na anasuka wa kwake polepole.

Juu, chini, vuta.
Juu, chini, vuta.

Mize anatazama. Mama anachomeka jani jipya. Anasuka. Anachomeka jingine.

"Mama, kumbe unaongeza jani."

"Kumbe umeona," anasema Mama. Amefurahi huyo!

Mize naye anaongeza. Ukili unanenepa tena. Umepinda kidogo, lakini unakwenda.

Juu, chini, vuta, ongeza.

Alhamisi umefika mwisho.

"Mama, ule mkia wa panya utaukata?"

"Nikate kwa nini? Hapo ndipo ulipojifunza."

Chwi, chwi, sindano inapita. Mama anaushona wote. Penye mkia wa panya panabaki kijitundu. Kidole cha Mize kinaenea humo.

Ijumaa jioni, Mize amelala kwake. Kitanda ni kikubwa. Mama hayupo ubavuni. Mize anaogopa kidogo.

Anapapasa mkeka. Kidole kinakutana na kijitundu. Aa, hiki anakijua.

Juu, chini, vuta.
Juu, chini...

Mama anachungulia mlangoni. Mize amelala fofofo, kidole kimo kijitunduni.

Mama anarudi chumbani kwake taratibu. Anajilaza. Leo kitanda chake nacho ni kikubwa.

Anageuka huku. Anageuka kule. Mama naye anajifunza.