Chupa ya Matone Niliyoiweka Akiba

Wenzangu wa kijiji cha Kiplombe, mnakumbuka mavuno yetu yalivyokuwa? Tulisaidiana shamba kwa shamba, tukivunja mahindi kwa nyimbo, na chai ya maziwa ikiletwa kwa ndoo. Hata mwaka juzi, asubuhi ya kuvuna shamba letu ilianza hivyo. Mjukuu wangu Njeri, fundi wa kushona nguo, aniitaye Cucu, yaani nyanya, alikuwa mbele, nami nyuma polepole.

Jani kavu likamchapa jicho la kulia.

"Njeri, unanikonyeza na mke wangu ako hapa?" jirani yetu Kipkirui akamtania.

Tulicheka sote. Njeri pia alicheka, machozi yakimtoka.

Jioni jicho lilikuwa jekundu. Nikatoa matone niliyopewa hospitalini nilipotolewa mtoto wa jicho. Sisi tuliokulia kwenye shida hatutupi dawa.

"Cucu, si hii ilikuwa yako?"

"Jicho ni jicho. Lala chali."

Uwekundu ukapungua, maumivu yakatulia. Nilijisifu, sitawaficha. Wiki ya pili doa jeupe likatokea, na mwanga ukawa unamchoma. Ndipo tukaenda mjini.

Daktari wa macho, Jepchirchir, aliigeuza ile chupa mkononi.

"Mama, mkwaruzo mdogo ukiwa safi hujifunga wenyewe kwa siku chache. Lakini jani liliacha kuvu ndani. Dawa hii ya kutuliza uvimbe ilikufaa wewe baada ya upasuaji. Kwake ilificha ugonjwa tu, kuvu ikaendelea kula."

"Atapona?"

"Atapona. Lakini kidonda kikienda ndani, jicho hujiziba kwa kovu, na kovu halipitishi mwanga vizuri."

Matibabu yalichukua miezi mitatu. Jicho halikutolewa, namshukuru Mungu. Lakini analitumia kama mtu anayechungulia kupitia dirisha lenye mvuke. Jana nilimkuta kwa cherehani akitafuta tundu la sindano, mara ya nne, mara ya tano.

"Lete nikusaidie."

Akanipa bila kuniangalia. Nikavaa miwani, na uzi ukapita mara moja. Nilitamani usipite.

Funzo

Dawa ya jicho la mtu ni ya jicho lake na ugonjwa wake. Ukichomwa jicho na jani, osha kwa maji safi, usisugue, nenda hospitalini siku hiyo hiyo, hata maumivu yakitulia. Na wewe mzee mwenzangu, mtoto akikuuliza swali, usimwambie alale chali. Mjibu.